Biblia ya Union na Biblia Habari Njema mbele ya swali moja: nani ataokolewa?

Nilinunua Biblia hizi mbili kwa siku moja, katika duka la vitabu vya dini mjini Bukoba, wiki moja baada ya kuanua matanga ya babu yangu mzaa mama. Babu alifariki akiwa hajabatizwa. Alikuwa mtu wa shamba lake la migomba, asiyemdhulumu jirani wala kumwacha mgeni alale njaa, na kwa miaka mingi alimsindikiza bibi kila Jumapili hadi njia panda ya kanisani, akageuka hapo na kurudi nyumbani kukaa na wajukuu. Siku ya maziko, mhubiri aliyepewa nafasi ya kusema alitangaza mbele ya kaburi kwamba kwa aliyelala pale mlango wa neema umekwisha kufungwa, na kwamba sisi tuliobaki tujitazame. Bibi hakujibu neno. Usiku, wageni walipokwisha kujinyosha, aliniita jikoni, akaniuliza taratibu huku akichochea moto uliokuwa unazimika, “Mjukuu wangu, wewe ndiye uliyesoma. Huyu mzee wangu nitamkuta, au sitamkuta?”

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa jibu la kumnyamazisha. Nilimwahidi kwamba tutasoma pamoja. Biblia yake ya zamani ilikuwa imepoteza kurasa za mwisho, kwa hiyo nikaenda kutafuta nyingine, na muuzaji alipoweka mezani Biblia ya Union Version na Biblia Habari Njema nikashindwa kuchagua, nikachukua zote mbili. Tathmini hii inatokana na miezi minane ya kuzisoma, mara nyingine barazani kwa bibi, mara nyingine katika kikundi chetu cha kusoma Biblia, ambacho kina Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na mzee mmoja Msabato. Sizipimi kwa kila jambo. Nazipima kwa lile swali la jikoni, kwa sababu naamini wanunuzi wengi wa Biblia, hasa wanaonunua baada ya msiba, wana swali la namna hiyo moyoni.

Niseme kwanza kwa ufupi juu ya vitabu vyenyewe. Union niliyoipata ni ya saizi ya kati, yenye jalada jeusi na zipu, imepangwa kwa safu mbili, na nyuma ina itifaki, yaani orodha ya maneno inayokuonyesha neno fulani linapatikana katika aya zipi. Herufi zake ni ndogo kwa macho ya mtu mwenye umri wa bibi, na karatasi ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili yanaonekana ukisoma kwa taa. Habari Njema ni nene zaidi, herufi zake zinasomeka, kila kitabu kinaanza na maelezo mafupi ya utangulizi, na sehemu zina vichwa vya habari. Hiyo ya pili inachapishwa kwa namna mbili, yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki huvikubali na Waprotestanti hawavihesabu katika Biblia, na isiyo navyo, kwa hiyo mnunuzi asome jalada kabla ya kulipa; mimi nilichukua yenye navyo, na baadaye nitaeleza kwa nini jambo hilo si dogo kwa anayeuliza habari za marehemu.

Union ilitoka ikiwa kamili mwaka 1952, na jina lake linaeleza kazi iliyofanyika: kuunganisha Biblia mbili za Kiswahili zilizokuwa zikitumika, ya Kiunguja na ya Kimvita. Nyuma ya ile ya Unguja yupo Askofu Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kufariki mwaka 1882, kabla Biblia nzima haijachapishwa mwaka 1891. Nyuma ya jitihada za Mombasa yupo Ludwig Krapf, aliyefika pale mwaka 1844. Watu hawa walijifunza lugha kwa Waswahili Waislamu, na ndiyo maana maneno makuu ya wokovu katika Biblia yetu, kama vile neema, imani, dhambi, toba, haki na jehanamu, ni maneno yaliyokwisha kutumika msikitini na sokoni kabla hayajasomwa kanisani. Mjerumani Karl Roehl alijaribu katika Biblia yake ya mwaka 1937 kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini makanisa yalio mengi hayakumfuata, na nadhani yalifanya vyema. Habari Njema ni ya miaka ya 1990, nayo ilitafsiriwa kwa nia ya kumfikishia msomaji wa kawaida maana ya maandiko katika Kiswahili cha leo, ikatumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja.

Sasa niingie katika neno lenyewe, neema. Nilimwuliza bibi neno hili linamaanisha nini kwake kabla hatujafungua ukurasa wowote, naye akajibu bila kufikiri, “Si ule mwaka wa mvua nzuri, ndizi zinaoza shambani kwa wingi?” Kwa Mswahili neema ni kinyume cha njaa. Ni wingi unaoshuka wenyewe, ambao mkulima hawezi kusema ameutengeneza, ingawa alilima. Kwangu mimi maana hiyo ya shambani ni msaada mkubwa kuliko fasili nyingi nilizowahi kufundishwa, na tafsiri zote mbili zimefanya vizuri kulibakiza neno hili. Tofauti inaanza pale Paulo anapoeleza neema inavyofika. Waefeso 2:8 katika Union inasema, “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani; ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu.” Vijana wa kikundi chetu walipoisikia aya hii walielewa kwamba Mungu humpa mtu kipaji cha kuokoka, kama mwingine anavyopewa kipaji cha kuimba, kwa sababu kipawa katika Kiswahili cha leo ni uwezo wa kuzaliwa nao. Kumbe wanaopewa ni wachache, mmoja akasema, na wengine wamenyimwa. Habari Njema inasema zawadi ya Mungu, na neno hilo moja likaondoa utata wote. Hapa Habari Njema imeishinda ndugu yake mkubwa, tena waziwazi.

Lakini geuza kurasa hadi Warumi 3:24. Union inasema, “wanahesabiwa haki bure kwa neema yake,” na Habari Njema inasema kwamba kwa neema ya Mungu, bila malipo, watu hukubaliwa kuwa waadilifu. Maana iko karibu, na msomaji wa haraka hataona kilichopotea. Aliyekiona ni mama mmoja wa kikundi chetu mwenye duka la rejareja karibu na stendi. Siku ile alinyanyuka, akaenda dukani kwake hatua chache tu, akarudi na daftari la madeni, lile la kurasa za mistari lenye jalada lililokunjika pembe. Akafungua ukurasa wa mteja mmoja ambaye alikufa akiwa anadaiwa unga, sabuni na mafuta ya taa. Madeni yote yalikuwa yamepigwa mstari mmoja mrefu kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika kwa mkono wake, “Imelipwa.” Akaniambia, “Mwalimu, hajalipa. Watoto wake nao hawakulipa. Mimi ndiye niliyeandika, na kwa kuwa daftari ni langu, basi imelipwa. Ndiyo kuhesabiwa.” Kikundi kizima kilinyamaza.

Yule mama hakujua kwamba ameigusa kazi ya watafsiri pale ilipo nzuri kuliko popote. Neno la Kigiriki analotumia Paulo katika sura ya 3 ni la mahakamani, la hakimu anayemtangaza mshitakiwa kuwa hana hatia, lakini katika sura ya 4, anapomleta Ibrahimu, anatumia neno la wenye vitabu vya hesabu, nayo Union inatafsiri, “Ibrahimu alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki.” Kwa kusema “kuhesabiwa haki” tangu sura ya 3, watafsiri wa Union wameyafunga maneno hayo mawili kwa kamba moja, mahakama na daftari pamoja. Kukubaliwa kuwa mwadilifu ni jambo jema, lakini hakuna daftari ndani yake.

Faida ya pili ya neno hilo inaonekana ukiufungua Waraka wa Yakobo. Union inampa Paulo maneno haya katika Warumi 3:28, “mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria,” kisha inampa Yakobo haya katika 2:24, “mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake.” Maneno ni yale yale, na yanagongana mbele ya macho ya msomaji. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa la tafsiri. Mimi naliona kuwa uaminifu, kwa sababu mgongano huo umo katika Kigiriki, na ndio uliowagawa Wakristo wa Magharibi tangu siku za Martin Luther hadi Walutheri na Wakatoliki walipokaa pamoja na kutia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, mjini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tamko hilo linakiri kwamba mtu hupokewa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema ni matunda ya kupokewa huko. Nilipolieleza hilo kikundini, Mkatoliki wetu mmoja, katekista wa miaka mingi, alisema hakuwahi kuambiwa kwamba jambo hilo limekwisha kusainiwa. Nasi Walutheri wengi pale hatukuwahi kuambiwa.

Jambo la tatu ni lile linalogusa kila nyumba ya kwetu, tofauti ya kuokoka na kuokolewa. Kagera ni nchi iliyopitiwa na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda na kutufikia, na jina la walokole lenyewe limetoka katika Kiganda likiwa na maana ya waliookoka. Tangu hapo swali la mlangoni ni, “Je, umeokoka?” na jibu linalotarajiwa lina tarehe na mahali. Siwadharau walokole hata kidogo. Ndio waliomfundisha bibi kuungama mbele ya watu na kurudisha kitu cha wizi, na bila wao asingekuwa Mkristo wa namna alivyo. Lakini lugha yetu inajua kitu ambacho ushuhuda wakati mwingine unasahau. Mtu huokoka katika ajali ya basi au katika mafuriko, na kitenzi hakisemi ni nani aliyemtoa. Mtu huokolewa, na kale ka “w” kanasema kwamba yuko mwingine aliyenyosha mkono. Union inatumia vyote viwili. Mlinzi wa gereza la Filipi anauliza, “yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?” na anajibiwa, “Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako.” Waefeso lakini inasema mmeokolewa. Habari Njema pale katika Waefeso inasema mmekombolewa, neno la mtu aliyeweka mali rehani akaja kuichukua. Ni neno zuri, lakini limeiondoa ile jozi ya kuokoka na kuokolewa ambayo msomaji wa kwetu anaihitaji sana.

Vilevile viambishi vya wakati. Katika Union nilimwonyesha bibi aya tatu kwa mpangilio: Waefeso 2:8 inasema mmeokolewa, 1 Wakorintho 1:18 inasema, “kwetu sisi tunaookolewa ni nguvu ya Mungu”, Warumi 5:9 inasema, “tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye.” Limekwisha, linaendelea, litakuja. Mpentekoste wetu anashika ile ya kwanza, Mkatoliki anashika ya pili, na mzee wa Kisabato, anayesubiri siku ya kurudi kwa Bwana, anashika ya tatu, na wote watatu wamesoma sawasawa. Bibi alizirudia kwa sauti, “me, na, ta,” kama mtoto wa shule anayejifunza sarufi, akaniambia nimwandikie katika karatasi.

Sasa nije kwenye mbingu, kwa sababu swali la bibi halikuwa la hesabu tu, lilikuwa la mahali. Ningependa kusema kwamba Union haipendelei upande wowote, lakini si kweli. Luka 23:43, maneno ya Yesu kwa mhalifu msalabani, inasomeka hivi: “Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Kigiriki kina neno leo tu. Hilo “hivi” limeongezwa na watafsiri, nalo linafunga mlango kwa usomaji wa Wasabato na wa Mashahidi wa Yehova, ambao huiweka mkato baada ya leo: nakuambia leo, utakuwa pamoja nami. Maandishi ya kale hayakuwa na mkato, kwa hiyo mjadala ni halali, hata kama mimi naamini watafsiri walielewa sawa. Mzee wetu wa Kisabato alilalamikia “hivi” hilo kwa upole, akafungua Mhubiri 9:5, “wafu hawajui neno lo lote,” akaeleza kwamba kwake wafu wamelala, hawako motoni wala peponi, hadi ufufuo. Bibi alimsikiliza kwa makini sana. Mtu aliyeambiwa kwamba mumewe anaungua muda huu, habari ya kwamba amelala ni maji ya baridi, nami sikuona haja ya kuwaingilia.

Neno peponi lenyewe linastahili kutazamwa. Kigiriki cha Agano Jipya kinataja paradiso mara tatu tu. Union inasema peponi kwa yule mhalifu, inasema Peponi kwa Paulo aliyenyakuliwa katika 2 Wakorintho 12, lakini katika Ufunuo 2:7 inasema “bustani ya Mungu.” Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba ni neno moja. Nadhani ingefaa kuwe na maelezo mafupi chini ya ukurasa, kwa sababu bustani inaturudisha Edeni, na mtu wa shamba la migomba angeielewa bustani upesi kuliko mawingu.

Na kuzimu. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Kwa wazee wetu kuzimu ni kwa waliotutangulia, kwa mizimu, wala si mahali pa adhabu. Union ililichukua neno hilo kwa ajili ya makao ya wafu wote, ikaliacha jehanamu kwa ajili ya moto wa hukumu, na tofauti hiyo ni muhimu sana, ingawa mahubiri mengi ya makaburini huyachanganya maneno haya kana kwamba ni mtaa mmoja. Zaburi 16:10 inasema, “Maana hutakuachia kuzimu nafsi yangu,” na katika Imani ya Mitume tunakiri kwamba Kristo mwenyewe alishuka kuzimu. Alishuka kule waliko babu zetu. Bibi amekuwa akikiri maneno hayo kila Jumapili tangu ujana wake, na nilipomwomba ayatamke polepole alisita kwenye neno hilo, akanitazama.

Ni nani basi wataokolewa? Hapa hakuna tafsiri itakayomsaidia mtu anayetaka aya moja tu. Zipo aya zilizobana: “njia imesonga iendayo uzimani, nao waionao ni wachache,” na ile ya Matendo 4:12 kwamba “hapana jina jingine chini ya mbingu.” Zipo zilizo pana: Mungu “hutaka watu wote waokolewe,” na ule mkutano wa Ufunuo 7:9 “ambao hapana mtu awezaye kuuhesabu,” unaokuja mara tu baada ya hesabu ya watu 144,000. Upo Warumi 2, unaosema juu ya watu wasio na sheria ambao huonyesha “kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao.” Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulisema kwamba wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuupata wokovu. Wafuasi wa Calvin, yaani Wakristo wa Kireformati, wanasema Mungu amewachagua walio wake kabla ya dunia kuwapo. Wafuasi wa Wesley, yaani Wamethodisti, wanasema neema humtangulia kila mtu, hata kabla hajaitika. Katekista wetu naye alifungua vile vitabu vya Deuterokanoni katika Habari Njema, akasoma 2 Wamakabayo 12, jinsi Yuda Makabayo alivyochanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili dhabihu itolewe kwa ajili ya askari waliokufa katika dhambi. Wakatoliki husoma aya hizo wanapofundisha juu ya toharani na sala kwa marehemu. Mlutheri kama mimi hazimfungi, lakini bibi alitaka zisomwe mara ya pili, na asingeweza kuzisikia katika ile Union.

Aya iliyomfikia hasa niliipata kwa bahati, nikitafuta neno “mume” katika itifaki. 1 Wakorintho 7 inazungumza na mke Mkristo aliyeolewa na asiyeamini. Union inasema, “Kwa maana yule mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe,” kisha aya mbili mbele inauliza, “Kwa maana wajuaje, wewe mwanamke, kama utamwokoa mumeo?” Swali hilo la Paulo linaweza kusomwa kwa namna mbili, na wafafanuzi wamebishana juu yake kwa karne nyingi: huna hakika kwamba utamwokoa, basi akitaka kuondoka usimzuie, au huna hakika kwamba hutamwokoa, basi usikate tamaa. Habari Njema imechagua upande wa matumaini na kumwambia mama Mkristo kwamba hawezi kuwa na hakika kuwa hatamwokoa mumewe. Ni usomaji mzuri na ninaupenda. Lakini si tafsiri tena pale, ni ufafanuzi, na msomaji haambiwi kwamba kulikuwa na njia nyingine. Union imeliacha swali wazi kama Paulo alivyoliacha.

Kwa anayenunua Biblia ya kumsomea mgonjwa au mfiwa kwa sauti, hasa mtu asiyezoea Kiswahili cha “ningaliwaambia” na “hata mwisho” lenye maana ya mpaka mwisho, Habari Njema ndiyo ya kuchukua, na achukue yenye herufi kubwa akiipata. Kwa anayetaka kufundisha juu ya neema, au kubishana na mtu juu ya nani yuko wapi baada ya kufa, asithubutu kufanya hivyo bila Union mkononi, yenye itifaki, na asome aya za juu na za chini. Mwenye uwezo wa kununua zote mbili anunue, azisome kwa pamoja, na pale zinapotofautiana asimame hapo kwa muda mrefu zaidi.

Nilimsomea bibi aya ile ya Wakorintho katika Biblia zote mbili, jioni moja mvua ikinyesha, nikimweleza ni wapi zinaachana. Nilidhani atapenda ile yenye matumaini. Aliomba nirudie ya Union, akaweka kidole kwenye neno “wajuaje,” akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, “Na yule mhubiri, yeye ajuaje?” Akaniambia nimwachie Union, nimtafutie na miwani, ile Habari Njema niende nayo kwa wanangu.